Anand: Mji Wenye Mabaraza Mawili

Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi katika semina ya Chama Kikuu



Mnakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita ilizuka hoja iliyotuchukulia karibu mchana mzima, tukatawanyika pasipo kuimaliza. Hoja yenyewe ilikuwa hii: kati ya kamati inayochaguliwa na wanachama na mtendaji anayelipwa mshahara, ni nani mwenye kauli ya mwisho? Wajumbe wengine walisema kwamba mtendaji ndiye aliyesoma, basi aachwe afanye kazi yake. Wengine walishikilia kwamba mwenye mali ndiye mwenye kauli, hata kama hawezi kusoma mizania. Ndugu Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya mji mmoja wa Bara Hindi uitwao Anand, kwa sababu hoja hiyo imekaa huko zaidi ya miaka 70, tena imo katika ushirika na imo vilevile katika utawala wa mji wenyewe.

Nianze na ardhi, maana asiyeijua ardhi ya watu hawezi kuzielewa shughuli zao.

Anand umo katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, kwenye njia kuu ya reli iendayo kutoka Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, hadi Ahmedabad. Vadodara uko kiasi cha kilomita 40 upande wa kusini, na Ahmedabad kiasi cha kilomita 75 upande wa kaskazini. Si mji mkubwa kwa kipimo cha Kihindi: sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao 198,000 ndani ya mipaka yake. Nchi inayouzunguka huitwa Charotar. Ni tambarare tupu, haina mlima wala kilima, na udongo wake ni wa kichanga laini usiotuamisha maji. Mto Mahi hupita upande wa kusini ukielekea Ghuba ya Khambhat. Mvua huja kwa pepo za kusi kuanzia Juni hadi Septemba, kisha hukatika. Na kabla hazijarudi, joto la Aprili na Mei hupita nyuzi 40. Wakulima wa Charotar wamelima tumbaku, mtama, mpunga na mboga, na karibu kila ua wa kijijini una nyati mmoja au wawili waliofungwa kambani. Nasema nyati wa kufugwa, mnyama mpole mwenye maziwa mazito. Msimfikirie mbogo wa porini kwetu.

Mwendo mfupi kutoka Anand, kandoni mwa ghuba, upo mji wa kale wa Khambhat, ambao leo umo katika wilaya ya Anand. Huko ndiko zilikotoka nguo na zile shanga nyekundu za akiki ambazo zimefukuliwa katika magofu ya pwani yetu. Merikebu za Khambhat zilijua njia ya Kilwa karne nyingi kabla ya Mreno kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Baadaye ghuba ikajaa matope, vyombo vikubwa vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Surat na Bombay. Na katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, vijiji hivyohivyo vya Charotar, kama Karamsad, Dharmaj, Sojitra na Bhadran, vilitoa watu wengi waliokuja Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa makarani wa reli, walimu na wenye maduka. Wengi wa akina Patel ambao wazee wetu waliwauzia pamba na kununua kwao chumvi na mafuta ya taa asili yao ni huko. Kwa hiyo tunapozungumzia Anand tunawazungumzia pia ndugu za watu tuliowajua, wale waliobaki nyumbani na jembe.

Wakati wa Waingereza nchi hiyo ndogo ilikuwa imegawanyika chini ya wakubwa watatu. Anand ulikuwa katika wilaya ya Kheda, ambayo Waingereza waliiandika Kaira, na uliamriwa nao moja kwa moja. Petlad, jirani yake, ulikuwa chini ya Gaekwad wa Baroda. Khambhat ulikuwa na Nawabu wake. Mtu aliweza kuamka chini ya mtawala mmoja, akanunua tumbaku chini ya mwingine, akalala kwa wa tatu, na wote watatu walitoza kodi. Wakulima wa Kheda walijulikana kwa ukaidi wao katika jambo hilo. Mwaka 1918, mavuno yalipoharibika na serikali ikakataa kusamehe kodi ya ardhi, walikataa kulipa, wakiongozwa na Gandhi pamoja na wakili mmoja wa nchi yao, Vallabhbhai Patel wa Karamsad. Ng'ombe wao wakakamatwa na mali zao zikauzwa, lakini walisimama pamoja. Lishikeni jambo hilo, maana waliokuja kuanzisha ushirika wa maziwa ni watu waliokwisha jifunza kukataa.

Sasa tufike kwenye maziwa yenyewe.

Mnamo mwaka 1930 hivi kampuni ya Polson ya Bombay ilikuwa imejenga kiwanda cha siagi mjini Anand, kwa sababu reli ipo na nyati wapo. Mwaka 1945 Serikali ya Bombay ilianzisha mpango wa kuwaletea wakazi wa jiji maziwa safi kutoka Anand, safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa treni. Polson ikapewa peke yake haki ya kuyakusanya. Serikali ilifaidi, kampuni ilifaidi, na mnywaji wa Bombay alipata maziwa yake. Vijijini walikuwapo mawakala waliopima kwa kipimo chao na kutaja bei wanayoitaka, na mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine. Maziwa hayasubiri. Sisi wa kahawa na pamba tunaweza kuficha gunia chini ya kitanda tukingoja bei. Mwenye maziwa akigoma mpaka jioni yamekwisha chacha. Kwa hiyo unyonge wake ulikuwa mkubwa kuliko wetu.

Wakulima walimwendea Vallabhbhai Patel, ambaye kwa wakati huo India nzima ilimwita Sardar. Ushauri wake ulikuwa mfupi: ondoeni mtu wa kati, uzeni maziwa kwa chama chenu wenyewe, serikali ikikataa kuyanunua kwenu, msiyauze kwa yeyote. Aliwaonya kwamba mgomo utawatia hasara. Akamtuma Morarji Desai, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa India, nao wakakutana katika kijiji cha Samarkha tarehe 4 Januari 1946. Hapo waliazimia kwamba kila kijiji kiunde chama chake, na vyama vyote viungane katika Chama Kikuu kimoja mjini Anand. Serikali ilipokataa, wakagoma kwa siku 15. Hakuna maziwa yaliyofika Bombay kutoka kwao. Mkuu wa maziwa wa Bombay, Mwingereza, alikuja Anand kujionea, akarudi, na serikali ikakubali.

Chama Kikuu cha Wazalishaji wa Maziwa wa Wilaya ya Kaira kiliandikishwa tarehe 14 Desemba 1946. Kilianza na vyama vya msingi viwili na maziwa yapatayo lita 250 kwa siku. Wako hapa leo makatibu wanaoona aibu kwamba vyama vyao ni vidogo. Basi wasione aibu.

Mwenyekiti wake alikuwa Tribhuvandas Patel, mzaliwa wa Anand, mfuasi wa Gandhi aliyekwisha kufungwa jela zaidi ya mara moja katika kudai uhuru. Hakuwa mtaalamu wa maziwa. Kazi aliyoiweza ilikuwa kutembea kijiji hadi kijiji, kuketi na watu, kusikiliza magomvi yao na kuwashawishi wasimuuzie wakala wa jana. Mwaka 1949 aliletwa Anand na serikali kijana mmoja mhandisi, Verghese Kurien, Mkristo kutoka Kerala, kusini kabisa mwa India, aliyesoma Marekani kwa fedha za serikali na sasa akalazimika kuzilipa kwa kutumikia katika kiwanda kidogo cha serikali alichokichukia. Lugha ya Kigujarati hakuijua. Mitambo ya Chama Kikuu ilikuwa mikuukuu na iliharibika kila mara, naye akawa anaitengeneza kwa kuombwa. Alipomaliza muda wake na kufunga mizigo aondoke, Tribhuvandas alimsihi abaki. Akabaki, akawa meneja, na aliishi Anand mpaka alipofariki mwaka 2012.

Ndugu Wajumbe, hapa ndipo hoja yetu ya mkutano mkuu ilipo. Wale wawili waligawana kazi kwa namna ambayo haikuandikwa katika masharti ya chama. Mwenyekiti hakuingia kiwandani kumwambia meneja amwajiri mpwa wake. Meneja hakuenda vijijini kuwaambia wanachama wamchague nani. Siasa ya kijiji na ya Bombay ilimpata Tribhuvandas kwanza, naye aliizuia mlangoni. Mashine, hesabu na soko vilikuwa vya Kurien. Lakini aliyeajiriwa alijua ameajiriwa na nani: wenyeviti wa vyama vya msingi ndio mkutano mkuu wa Chama Kikuu, nao huchagua bodi, na bodi humwajiri meneja. Kurien mwenyewe alipenda kujiita mtumishi wa wakulima, na ingawa watu wakubwa husema hivyo kwa mdomo, yeye bodi ilikuwa na uwezo wa kweli wa kumwambia nenda zako.

Faida ya mgawanyo huo ilionekana upesi. Nyati hutoa maziwa mengi sana wakati wa baridi na machache wakati wa joto. Bombay haikutaka ziada ya miezi ya baridi, kwa hiyo mwanachama aliyekuwa akipokelewa maziwa yote mwezi Juni alirudishiwa sehemu mwezi Desemba. Dawa ilikuwa kuyafanya ya unga. Mabingwa wa nje walisema maziwa ya nyati hayawezi kukaushwa kwa kuwa yana mafuta mengi mno. Mwenzake Kurien, H. M. Dalaya, alionyesha kwamba yanaweza. Mitambo ilipatikana kwa msaada wa UNICEF, kwa ahadi ya kuwapa watoto maziwa bure, na tarehe 31 Oktoba 1955, siku aliyozaliwa Sardar Patel, Waziri Mkuu Nehru alikifungua kiwanda. Jina la biashara, Amul, lilianza kutumika mwaka 1957.

Nataka sasa tushuke kijijini, kwa maana makatibu mmekuja kusikia juu ya kazi yenu.

Chama cha msingi cha kijiji katika mtindo wa Anand kina kamati iliyochaguliwa, mwenyekiti, na katibu anayelipwa. Asubuhi na jioni watu hupanga foleni na vyombo vyao. Maziwa hupimwa kwa ujazo, kisha huchukuliwa kidogo katika kichupa ili kupima mafuta yake, mbele ya mwenyewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa asidi na mashine ya kuzungusha; siku hizi kipo chombo cha umeme kinachotoa jibu papo hapo na kuchapa stakabadhi. Bei hufuata mafuta. Aliyetia maji katika maziwa hujiibia mwenyewe, na hahitaji kutukanwa na mtu. Katika miaka ya mwanzo maziwa ya asubuhi yalilipwa jioni, na ya jioni yakalipwa kesho yake asubuhi, fedha mkononi. Leo malipo mengi hupitia benki. Mwisho wa mwaka chama cha kijiji hugawa bakaa kwa kadiri ya maziwa ambayo kila mtu ameleta, na sehemu hubaki kwa kazi za kijiji.

Foleni hiyo ilifanya jambo ambalo halikutajwa katika azimio la Samarkha. Katika nchi ambamo tabaka la mtu lilimpangia mahali pa kukaa na kisima cha kuteka, mwenye nyati mmoja wa tabaka la chini alisimama mbele ya tajiri wa kijiji ikiwa amewahi kufika, na maziwa yao yakamiminwa katika chombo kimoja. Sisemi kwamba tabaka zilikwisha. Hazikwisha. Nasema palikuwa na dakika chache asubuhi na dakika chache jioni ambapo hazikufuatwa.

Niliwahi kuwa katibu wa chama cha msingi, katika mahali nisipopataja. Mkulima alileta mazao mwezi wa saba, alipewa karatasi, akalipwa mwezi wa pili, baada ya makato ambayo mimi mwenyewe niliyeyaandika sikuweza kumweleza. Alinitazama bila kusema neno. Msimu uliofuata aliwauzia walanguzi, na katika ripoti yangu niliandika kwamba wanachama hawana moyo wa ushirika. Nilipokuja kusoma habari za Anand nilirudi nikaikumbuka ripoti ile.

Kutoka vyama viwili, Chama Kikuu cha Kaira kimefikia vyama vya vijiji zaidi ya 1,200. Mwaka 1964 Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alikwenda kufungua kiwanda cha chakula cha mifugo huko Kanjari, akaomba alale kijijini Ajarpura ili ajue siri ya mambo haya. Mwaka uliofuata Bodi ya Taifa ya Ustawi wa Maziwa iliundwa, na makao yake yakawekwa Anand badala ya Delhi. Mwaka 1973 vyama vikuu vya wilaya za Gujarat viliunda Shirikisho la kuuza maziwa yao, ambalo leo lina wanachama wapatao milioni 3.6. Shirikisho hutangaza kwamba katika kila rupia 100 anazolipa mnywaji, kati ya 80 na 85 humrudia mfugaji. Kila katibu na akajaribu usiku wa leo kupiga hesabu hiyo kwa zao la chama chake.

Nimesema mji una mabaraza mawili. Hilo ni moja. Na mji wenyewe je?

Kwa miaka mingi Anand ulikuwa na halmashauri ya mji, yenye madiwani waliochaguliwa na rais waliyemchagua miongoni mwao, na ofisa mkuu aliyeletwa na serikali ya jimbo. Marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika mwaka 1993 yaliamuru uchaguzi wa miji yote ya India kila miaka mitano, na theluthi moja ya viti iwe ya wanawake. Gujarat baadaye ikaifanya nusu. Tarehe 2 Oktoba 1997 wilaya ya Kheda iligawanywa, na Anand ukawa makao makuu ya wilaya mpya inayoitwa kwa jina lake. Kandokando yake palikuwa na miji mingine miwili yenye halmashauri zake: Karamsad, na Vallabh Vidyanagar, mji wa vyuo ulioanzishwa mwaka 1946 na mhandisi Bhailalbhai Patel katika ardhi iliyotolewa na wanakijiji. Nyumba za miji hiyo mitatu zilikwisha gusana.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Gujarat ilitangaza kuipandisha miji tisa kuwa majiji, na Anand ukawa mmojawapo, ukiunganishwa na majirani zake. Kwa hesabu ya barabara na mifereji jambo hilo lina maana. Lakini katika jiji la Gujarat meya huchaguliwa na madiwani kwa muda wa miaka miwili na nusu, na hukaa mbele katika sherehe. Nguvu ya utendaji imo mikononi mwa kamishna, ambaye huteuliwa na serikali ya jimbo na huweza kuhamishwa nayo wakati wowote. Watu wa Karamsad walilalamika kwamba mji wa Sardar unamezwa, na jina lake likaingizwa katika jina la jiji, likawa Karamsad Anand. Jina walilipata. Kamishna bado huletwa kutoka juu.

Basi mtu wa Anand mwenye nyati na nyumba anaishi chini ya tawala mbili. Taa ya barabarani ikizimika, humwendea diwani, diwani humwandikia kamishna, na kamishna hujibu kwa aliyemteua. Bei ya maziwa ikimuudhi, humwendea mwenyekiti wa chama cha kijiji, ambaye ni jirani yake, na mwenyekiti huyo ana kura juu ya bodi inayomlipa meneja. Sisi tulioshuhudia vyama vikuu vya Tanzania vikifutwa kwa tamko la mwaka 1976, kisha kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, hatuhitaji kuelezwa tofauti ya njia hizo mbili.

Nisiwapambie, hata hivyo. Anand una makosa yake. Kazi ya kumlisha, kumkamua na kumwogesha nyati hufanywa zaidi na wanawake, lakini kwa miaka mingi kadi ya uanachama iliandikwa jina la mume, na fedha zikafuata kadi. Hata leo kamati nyingi zina wanaume wengi kuliko wakamuaji. Kurien naye alikaa muda mrefu mno: aliongoza Bodi ya Taifa kuanzia 1965 hadi 1998, na Shirikisho hadi mwaka 2006, alipojiuzulu baada ya kutoelewana na wawakilishi wa vyama vikuu. Ilikuwa ni huzuni kuona mzee wa namna ile akiondoka hivyo. Mimi lakini nadhani ni afadhali huzuni hiyo kuliko chama kisichoweza kumwondoa mtu. Tena katika miaka ya karibuni uchaguzi wa bodi umekuwa uwanja wa vyama vya siasa, jambo ambalo Tribhuvandas alilizuia mlangoni alipokuwa hai.

Tribhuvandas aliacha uenyekiti mapema katika miaka ya 1970. Wanachama walichanga rupia moja moja wampe zawadi, zikafika rupia 600,000. Hakuzichukua. Alizifanya msingi wa mfuko wa afya ya mama na mtoto katika vijiji vya wilaya, na wahudumu wake wakawa wanawake wa vijijini, wakifanya kazi katika majengo yaleyale ya vyama vya maziwa.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nimewaletea makatibu nakala ya ukurasa mmoja wa daftari niliyoichora kwa mfano wa foleni ile: jina, kipimo cha asubuhi, kipimo cha jioni, ubora, bei, na mahali pa mwanachama kutia saini au dole gumba siku hiyohiyo. Ichukueni mezani mnapokwenda kunywa chai, na baada ya chai nitajibu maswali, tukianza na wale wa hoja ya mkutano mkuu.